Prosesa inaliwa na mlaji haonekani: htop na atop kwenye seva ya prosesa mbili

Mambo vipi wadau, na mugonile kwa wale wa Tukuyu na Kyela, karibuni tena. Leo hatupitii simu wala laptop, leo ni programu, htop, ya bure kabisa, ya kukuonyesha kwenye Linux ni programu gani zinakula prosesa, na pembeni yake naiweka atop, ya kazi hiyohiyo, kwa sababu kwa kazi niliyoletewa hii moja peke yake haikutosha, mtaona kwa nini.

Mashine ndo hii, Dell PowerEdge R720, mtumba, ndani ina Xeon E5-2650 mbili, kila moja kori 8, jumla 16, na Hyper-Threading (kori moja kujihesabu kama mbili) ikiwa imewashwa Linux inahesabu 32. Ni ya saccos moja hapa Mbeya mjini, jina tuliache. Malalamiko yao ni kwamba usiku ofisi imefungwa, hakuna hata mteja mmoja, lakini feni zinanguruma mpaka mlinzi anazisikia akiwa getini, na hii ni Juni jamani, baridi ya kuvaa sweta juu ya sweta, sasa feni zinapooza nini?

Haya, tunafungua htop. Hapo juu mnaona vile vibaa, kimoja kimoja kwa kila prosesa inayohesabiwa, 32 vyote, na kwa hilo tu mimi naipenda kuliko top, ile ya kawaida inayokuja na Linux, maana kwenye top lazima ubonyeze 1 ndo ikufungulie na kwenye skrini ndogo vinabanana hovyo. Iliandikwa na Mbrazili Hisham Muhammad, ikatoka 2004, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2020 inaendelezwa na timu nyingine, na inaonekana wanaijali.

Sasa angalia. Vibaa vyote viko kwenye 25% hivi, vinapanda vinashuka. Robo ya mashine, yaani kazi ya prosesa 8 kati ya 32. Shuka kwenye orodha, panga kwa matumizi, wa kwanza ana 7%, wa pili 7%, wa tatu 6, jumlisha wote haifiki hata 100. Na hapa wengi wanachanganyikiwa, asilimia za kwenye orodha ni za prosesa moja, siyo za mashine nzima. Programu ikionyesha 100% kwenye seva hii imekula 3% tu ya uwezo wote. Kwa hiyo ili vibaa vifike pale, orodha ilitakiwa ijumlishe kama 800. Nyingine ziko wapi?

Kabla hujasema umedukuliwa, maana najua mtakimbilia kusema kuna mtu anachimba bitcoin, na kweli hutokea, kuna vitu htop inavificha yenyewe ikiwa haijaguswa. Thredi za keneli, yaani kazi za kiini chenyewe cha Linux, huzioni mpaka ubonyeze Shift na K. Halafu ingia F2, kwenye mipangilio ya muonekano, washa ile ya kuonyesha muda wa prosesa kwa kina, rangi zitaongezeka, sasa utatofautisha muda wa kusubiri diski na muda wa intarapti, yaani vifaa vinapoikatiza prosesa vihudumiwe. Kwa nini hiki hakijawashwa tangu mwanzo mimi sielewi, hapo nawakata maksi. Ukiona kibaa kimoja kimejaa intarapti na wenzake wamelala, kasome /proc/interrupts, mara nyingi ni kadi ya mtandao imerundikiwa prosesa moja. Hapa kwetu haikuwa hivyo. Keneli safi, diski safi.

Ila kaa uangalie orodha bila kugusa kitu. Umeona? php, ile inayoendesha skripti za lugha ya PHP, inachungulia, inapotea, inakuja php nyingine na namba nyingine. Huyo ndo mlaji! htop inasoma kila baada ya sekunde 1.5, programu inayozaliwa na kufa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde inapita katikati, kazi yake inaingia kwenye kibaa lakini kwenye orodha jina halipo. Kuhakikisha, andika grep processes /proc/stat, hiyo namba ni programu zote zilizozaliwa tangu seva iwashwe. Subiri dakika moja, rudia. Imepanda zaidi ya elfu mbili, usiku wa manane, ofisi tupu.

Hapo ndo atop inaingia. Kwa sura ni mbaya, maandishi yamejazana, mgeni ataikimbia, lakini inaonyesha na waliokwisha kufa, majina yao yakiwa ndani ya alama za < na >. Skrini nzima <php>, <php>, <php>. Anayewazaa tukampata kwa execsnoop-bpfcc, inapatikana kwenye paketi ya bpfcc-tools ukiwa na Ubuntu, yenyewe inakuandikia kila programu inayoanzishwa na namba ya mzazi wake. Mzazi ni skripti ya kutuma SMS za marejesho, inawasha php nane kwa mpigo, meseji zikigoma inarudia palepale bila kupumzika, na lango la SMS salio lilikuwa limeisha siku nyingi. Tukaweka mapumziko ya dakika tano kila ikigoma, vibaa vikashuka mpaka 1%, feni zikanyamaza.

Kwa hiyo htop naipa 8 kwa 10, ndo ya kufungua kwanza. atop naipa 7, sura imeiangusha, ila kwa seva isiyo na mtu usiku siiachi, kwa sababu inaandika kumbukumbu yenyewe kwenye /var/log/atop, asubuhi unaifungua kwa atop -r, t unasogea mbele, T unarudi nyuma. Ikitoka dukani inaandika kila dakika 10, kwa tatizo la namna hii ni mbali mno, ingia /etc/default/atop uweke LOGINTERVAL=60, yaani kila sekunde 60, na diski kama ni ndogo punguza LOGGENERATIONS, maana inatunza siku 28.