Kadi ya GB 64 iliyokuwa na GB 7, na maneno niliyotupiwa dukani

"Mwalimu, kadi ni nzima. Wewe ndiye hujui kuitumia."

Niliambiwa hivyo mbele ya watu sita au saba, katika duka moja la simu na vifaa vya kompyuta hapa Arua mjini, Uganda. Mmoja wao ni mzazi wa mwanafunzi wangu wa S3, yaani kidato cha tatu. Wiki kadhaa zimepita na maneno hayo bado yananichoma, kwa hiyo mtanivumilia.

Laptopu yangu iligoma kuwaka baada ya umeme kukatika katikati ya kusasisha Windows, na betri yake ilikwishakufa zamani. Ikawa inazunguka tu: inasema inajikarabati, inazima, inaanza tena. Ndani yake mlikuwa na alama za kazi za darasani za wanafunzi wangu wa Kiswahili, mihula mitatu. Walimu wa Uganda wanaelewa uzito wake. Katika huu mtaala mpya ulioanza 2020, asilimia 20 ya matokeo ya mtoto anapomaliza S4 inatoka kwenye tathmini ya shuleni, na 80 ndiyo ya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Faili lile likipotea, ni jasho la mtoto limepotea.

Fundi wa kwanza hakutaka hata kusikia habari ya alama. Tupige Windows upya, kila kitu kitafutika, lete elfu thelathini. Nikabeba mashine yangu nikaondoka. Nilijua diski bado nzima na kilichoharibika ni Windows, na kwamba laptopu inaweza kuwashwa kwa mfumo ulioandikwa kwenye kadi au flashi, ukaingia kwenye diski, ukakarabati au angalau ukatoa vitu vyako. Ndipo nikaenda kununua memori kadi.

Shilingi 35,000. Pakiti inang'aa, jina la kampuni kubwa, GB 64. Nikachukua na kidude cha USB cha kusomea kadi, na hicho sikijutii hata kidogo. Msihangaike na tundu la kadi lililo ubavuni mwa laptopu. Mashine nyingi haziwezi kuwakia hapo. Kadi ikiwa ndani ya kidude cha USB, mashine huiona kama flashi nyingine yoyote.

Jioni nikakaa kwenye kompyuta ya shule, nikaiandika kadi kwa Rufus, programu ya kuweka mfumo kwenye kadi au flashi ili mashine iwakie hapo, faili la Windows la zaidi ya GB 5. Ikaandika mpaka mwisho bila kulalamika. Nyumbani nikachomeka, nikabonyeza F12, kitufe cha kuchagua mashine iwakie wapi, kadi nikaiona kwenye orodha, nikaichagua. Skrini nyeusi. Kisha ule mzunguko tena. Kesho yake nikaiandika upya. Wapi. Nikazima Secure Boot, ule ulinzi unaozuia mashine kuwakia mfumo isioutambua. Wapi. Nikashuku faili lenyewe limeharibika, nikanunua bando jingine nikalipakua usiku kucha, maana usiku mtandao una nafuu. Skrini nyeusi ileile.

Nikarudi dukani kwa adabu zote. Nilimsalimu yule kijana, nikamweleza taratibu, nikamwomba anibadilishie tu, hata pesa sikudai. Hakuinua macho kwenye simu yake. Alinyoosha kidole kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ijaribu basi mbele yangu." Akaichomeka, skrini yake ikaonyesha GB 64 kamili, akaigeuza watu wote waone, akasema yale maneno. Watu wakacheka. Mzazi yule hakucheka, aliangalia chini, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Nilirudi nyumbani nikiamini kweli sijui. Mtu wa miaka yangu, niliyefundisha nusu ya vijana wa mtaa ule, nikaanza kufikiria kumrudia fundi wa kwanza afute kila kitu yaishe.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Makerere. Aliishika kadi, akaigeuza, akauliza, "Mjomba, umeikagua?" Mimi nitakaguaje zaidi ya kusoma kilichoandikwa? Akaweka kwenye laptopu yake programu ndogo ya bure inayoitwa H2testw. Kazi yake ni kuijaza kadi mpaka pomoni, halafu kusoma tena kila ilichoandika kuona kama bado kipo. Ilichukua saa nyingi, tukala, tukalala. Asubuhi majibu yakawa mekundu: kadi ile ina GB 7 na ushei. Hizo nyingine zote hewa.

Sasa sikilizeni jinsi wizi huu unavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo maana kijana yule aliweza kunicheka kwa kujiamini. Ndani ya kadi kuna kijisakiti kinachoiambia kompyuta ukubwa wa kadi. Hao matapeli wanakifundisha kudanganya. Kompyuta ikiuliza, kinajibu 64. Ukiandika kupita zile GB 7, kinapokea kila kitu, kinasema asante, na hakihifadhi chochote, au kinaandika juu ya vilivyotangulia. Kwa hiyo kuichomeka na kusoma namba hakuthibitishi lolote.

Na Windows yangu je, mbona GB 5 zilitosha ndani ya 7? Mpwa wangu alinichorea kwenye daftari. Siku hizi faili moja kubwa ndani ya Windows huwa linapita GB 4, na FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili kwenye kadi, haipokei faili la ukubwa huo. Rufus inatumia mpangilio mwingine, NTFS, badala yake, halafu inaweka kipande kidogo sana mwishoni kabisa mwa kadi, na laptopu za kisasa zinaanzia kwenye kipande hicho. Mwisho wa kadi yangu ulikuwa haupo! Nilikuwa naandika mlango wa kuingilia kwenye hewa, siku tatu mfululizo, halafu naambiwa sijui.

Kumbe hata Rufus yenyewe ina kisanduku cha kukagua kadi mbovu na za bandia kabla ya kuandika. Kiwekeeni alama. Kitawachelewesha, lakini kiwekeeni.

Hapa ndipo hukumu yangu inaponitatiza. Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kusema kadi ile ni takataka. Lakini mpwa wangu alisema, "GB 7 za kweli zinatosha Linux Mint," mfumo wa bure unaoweza kuwaka badala ya Windows, kwa kuwa faili lake ni kama GB 3 na linaandikwa kuanzia mwanzo wa kadi, halihitaji mwisho. Akaliandika kwa Etcher, programu nyingine ya kazi ileile ya Rufus. Nikabonyeza F12 mkono ukitetemeka. Ikawaka. Nikaona diski yangu, folda zangu, na faili la alama la S3 mahali pake. Tulilihamishia kwenye diski ya nje tuliyoazima shuleni. Mpwa wangu alikataa katakata tusihifadhi hata picha moja kwenye kadi ile. Nililia, nasema kweli. Kwa hiyo kadi iliniokoa, na sina budi kuisifu.

Hapana, siisifu. Je, kama ningeitumia kama walivyoniuzia, nikamwaga humo mihula mitatu nikijua nina GB 64? Faili zingeonekana kwa majina yao, na siku ya kuzifungua ningekuta utupu.

Nilirudi dukani na picha ya yale majibu mekundu. Yule kijana alisikiliza mpaka niliposema Mint iliwaka. Akasema, "Basi, si imefanya kazi?" akamgeukia mteja mwingine.

Kidude cha USB, nyota tano. Mint, nyota tano. Kadi niliipa mbili kwa ajili ya yale alama, nimeifuta moja, na nikikumbuka kicheko kile naifuta na hiyo nyingine. Nimeiandika kwa kalamu "GB 7" mgongoni ili asije mtu wa nyumbani akaiamini.

Mwalimu mwenzangu wa Hisabati naye laptopu yake imeanza kuzunguka. Jumamosi tunakwenda kumnunulia flashi, duka jingine, na laptopu ya mpwa wangu nitaibeba. Ina f3probe, programu nyingine ya kukagua ukubwa wa kweli, ambayo haisubirishi kama ile H2testw. Tutaichomeka pale kaunta mbele ya muuzaji, na pesa itabaki mfukoni mwangu mpaka namba itoke.