Kulabu za Kamukunji, za gundi na za sumaku: zipi zinafaa nyumba ya kupanga

Nakaa Umoja, Nairobi, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, na sebuleni ndipo ninaposhonea. Nguo za wateja, mikoba ya shule na vyombo vya jikoni vyote hugombea meza moja. Kabati jingine silitaki: linakula sakafu, na vitu vikishaingia humo havionekani tena. Nilichotaka ni kila kinachoshikwa kila siku kipate pa kuning'inia, palepale mkono unapokifikia. Mwaka huu nimetumia kulabu za aina tatu, na hazifanani hata kidogo.

Za gundi kwanza, zile za plastiki angavu ambazo wachuuzi wanazo kila kona ya mji. Pakiti ya kumi nilinunua shilingi 200. Imeandikwa kila kulabu inabeba kilo kadhaa, lakini gundi haishiki ukuta, inashika rangi. Nyumba nyingi za kupanga zimepakwa rangi ya maji ya bei nafuu, ile ukipitisha kiganja unatoka na unga mweupe. Ukitundika sweta mbili, kulabu inashuka na ganda la rangi mgongoni, na lile doa linalobaki utaulizwa siku ya kudai amana yako. Kwenye vigae ndipo zinapofanya kazi. Futa kigae kwa spiriti, kiache kikauke, bandika huku ukiminya hewa yote itoke, kisha usitundike chochote hadi kesho yake. Zangu za bafuni zinabeba taulo na dodoki, na mvuke wa maji moto haujazing'oa. Kwa hiyo nasema vigae na vioo tu, basi.

Za sumaku zinafaa kwetu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu milango ya mbele ya ploti nyingi, yaani majengo ya kupangisha, ni ya chuma. Unaibandika, unaihamisha, hakuna tundu wala doa. Ila ule uzito ulioandikwa hupimwa kwa kuivuta sumaku moja kwa moja kutoka kwenye chuma. Mlangoni mzigo unaivuta kwenda chini, nayo huteleza mapema zaidi. Funguo na mwavuli sawa. Mkoba wa shule wenye vitabu unaiburuta hadi chini.

Zilizoshinda nyingine zote kwa uzuri ni za chuma, zenye umbo la S, zilizopindwa Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali wanaofua chuma kwa mkono. Fundi alichukua chuma cha mviringo cha milimita 6, akakikata, akakipinda kwa nyundo nikiwa nimesimama pale katikati ya kelele za karai na masanduku ya shule.

"Za bucha hizi, mama?" akaniuliza.

"Za nyumba, fundi. Nipigie tupa kwenye ncha, zisije zikanichania nguo za watu."

Akazisugua ncha zote mpaka nikapitisha kidole bila kukwaruzwa. Shilingi 30 kila moja. Sijaona hata moja ikifunguka, na sidhani kuna kitu nyumbani kwangu kinachoweza kuifungua.

Jikoni nimezipachika kwenye vyuma vya dirisha, juu ya sinki. Sufuria zetu hazina mikono, hivyo hazining'iniki. Hizo zinabaki zimepangwa moja ndani ya nyingine. Lakini kikaango, chujio, kikwaruzo na kikombe cha kuchotea maji vimetoka mezani vyote. Miiko haikuwa na tundu, nikaitoboa kwa msumari uliopashwa moto, na sasa inakauka kwa upepo badala ya kulowa ndani ya kopo. Kama unakaa ghorofa ya chini, usithubutu kutundika mkoba au simu kwenye vyuma vya dirisha la nje. Mkono wa mwizi unapita.

Kulabu ninayoipenda kuliko zote iko ubavuni mwa meza ya cherehani, upande wa kulia, chini kidogo ya usawa wa kiti. Hapo unakaa mkasi wa kukatia pamoja na tepu ya kupimia. Zamani mkasi ulikuwa ukizikwa chini ya vitambaa, nanyanyua gauni la mteja kuutafuta, pini zinamwagika. Sasa mkono unashuka wenyewe bila macho kuondoka kwenye mshono.

Za watoto nimezipachika kwenye bomba lililo usawa wa mabega yao, si yangu. Kitinda mimba wangu akirudi hutundika sweta ya shule bila kuambiwa, kwa sababu anafikia. Mtoto akihitaji kuita mtu mzima amtundikie, sweta itabaki kwenye kochi.

Na kuna hii mifuko ya kitambaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, kila nyumba Nairobi ina rundo lake, kwa kuwa tukiusahau mfuko nyumbani tunanunua mwingine dukani. Kulabu moja mlangoni, kiondo kimoja juu yake, mifuko mingine yote imekunjwa ndani ya kiondo. Ninapotoka nashika mmoja.

Kulabu moja nairuhusu ibebe vitu viwili, mwisho. Ikibeba vinne, kile cha chini hakitafutwi tena, na ukuta unageuka kuwa ile meza uliyokuwa unaikimbia.

Ukienda Kamukunji, pima kwanza unene wa chuma cha dirisha lako na umpe fundi kipimo, kwa sababu ile kona ya juu ikiwa pana mno kulabu inaruka unapovuta kikaango. Mwombe akaze kona ya juu na kuacha ya chini wazi. Na usiondoke kabla tupa haijapita.