TAHADHARI: Sanduku la "vifaranga 200" linalouzwa hapa Lubumbashi halitoshi hata 70

Wamama, wababa, na vijana mnaotaka kuanza kufuga kuku wa nyama, someni hii kabla hamjatuma makuta. Kuna mtu anauza masanduku ya kulelea vifaranga, ya tripleksi, yenye mfuniko wa wavu na nafasi ya kuweka mbabula (jiko la makala, yaani makaa) chini. Anayatangaza kwa WhatsApp na kuyaleta mpaka mlangoni, iwe komini ya Katuba, Kenya au Ruashi. Anasema sanduku moja linabeba vifaranga 200 "mpaka waote manyoya". Nilinunua moja pamoja na vifaranga 150 mwanzoni mwa mwezi wa 6. Kufikia siku ya 16 nilikuwa nimebakiwa na 87.

Jina lake sitaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia, maana namba anabadilisha. Mtambueni kwa namna anavyouza.

Kwanza, vipimo haandiki. Anatuma picha iliyopigwa kutoka juu: vifaranga wa siku moja, wa njano, wamejipanga vizuri, na kweli ukiwahesabu ni wengi. Mimi picha ile ndiyo iliyonivuta. Sikuona kwamba ndani yake hamna sahani ya chakula wala chombo cha maji. Ukiviweka hivyo, nafasi inapungua mara moja.

Pili, anatoa dhamana ya siku 5: kifaranga akifa ndani ya siku hizo, anakupa mwingine. Mimi niliifurahia sana dhamana hiyo. Sasa ndiyo naielewa. Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 hivi. Siku za kwanza hata wakibanana wanapeana joto, na wewe unaona wametulia, unamsifu muuzaji. Lakini kuku wa nyama akila vizuri, wiki moja tu inamwongezea uzito zaidi ya mara tatu. Sanduku ni lile lile. Kwa hiyo vifo vinakuja dhamana ikiwa imekwisha, na huyu bwana anajua siku zake vizuri.

Kwangu siku ya 6 harufu kali ya mkojo ilianza kuchoma macho. Maranda yalikuwa yameloa mpaka chini. Siku ya 8 baridi ya alfajiri ilikuwa kali, mnaijua baridi yetu ya mwezi wa 6, na makala yalikuwa yamezimika. Nilikuta 11 wamekufa kwenye kona moja, wamelaliana. Sanduku lina kona nne, na kifaranga akisikia baridi anakimbilia kona, wenzake wanampanda mgongoni, wa chini anakosa pumzi. Baadaye wakaanza kudonoana mkia mpaka damu, halafu kuhara. Wadogo walikuwa hawafiki tena kwenye chakula.

Nikampigia. Jibu lake: "Mama, umewapigisha baridi wewe mwenyewe." Kisha akanishauri ninunue sanduku la pili, dola 70, na dawa yake. Nilipomwambia anirudishie pesa, akanifungia simu.

Ndipo nikachukua mita ya seremala. Urefu ni mita 1.5, upana sentimita 80. Hiyo ni mita za mraba 1.2 tu. Wafugaji wenye uzoefu wanahesabu vifaranga wa nyama kama 50 kwa mita ya mraba wiki ya kwanza, 30 wiki ya pili, 20 wiki ya tatu, na wakikua ni 10. Basi sanduku langu lilistahili vifaranga 60 wiki ya kwanza, 36 wiki ya pili, na 24 wiki ya tatu. Mimi niliwekewa 150, na tangazo linasema 200. Akikwambia idadi, wewe mwulize: siku ya 21 watalala wapi? Mimi aliponiambia 200 sikuuliza.

Ile nafasi ya mbabula nayo ni hatari. Makala yakiwaka mahali pasipo hewa yanatoa sumu isiyo na harufu. Inaua vifaranga, na inaua watu. Najua wengi wetu tunawalea chumbani wanakolala watoto kwa sababu ya wezi. Tafadhali, mbabula iwashiwe nje mpaka makala yawe mekundu, chumba kiwe na tundu la hewa juu, na mtu asilale humo.

Vifaranga 150 hawahitaji sanduku la mtu. Kata tripleksi au kartoni ngumu vipande vya urefu wa sentimita 45 kwenda juu, viunganishe viwe mduara usio na kona. Mduara wenye upana wa mita 2 unakupa mita za mraba 3 na kidogo, zinatosha wiki ya kwanza. Wiki ya pili ongeza kipande, upana ufike mita 2.5. Wiki ya tatu ufike mita 3.1. Kama chumba chako hakiwezi kubeba mduara huo wa mwisho, basi nunua vifaranga wachache. Hilo liamue kabla ya kuagiza, si wakiwa wameshafika. Chini weka maranda makavu, unene wa sentimita 5 au zaidi. Joto liwe nyuzi 32 hadi 35 pale mgongo wa kifaranga unapofika, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana chini ya joto, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni huku midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia.

Kama ulishalipa na hujaletewa, pima sanduku mbele ya aliyelileta kabla hajaondoka, na piga picha mita ikionekana. Kama liko nyumbani kwako tayari na vifaranga wamepita siku ya 7, usingoje kesho. Leo hii ng'oa ubao wa upande mmoja, uunganishe na kartoni wapate nafasi ya kutoka, toa maranda yaliyoloa, na ongeza chombo cha pili cha maji upande wa mbali na joto. Mimi nilifanya hivyo siku ya 16, na wale 87 wote wangali hai.