Draiva za diski: kwenye flashi au ndani ya faili la usakinishaji?

Seva ina kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), nawe unasakinisha Windows Server, lakini hakuna diski inayoonekana, kwa sababu programu ya usakinishaji haina draiva ya kadi hiyo, yaani programu ndogo ya kuwasiliana nayo. Enzi za toleo la 2003 ulibonyeza F6 na kutafuta floppy. Tangu 2008 flashi inatosha. Kwa seva moja ya ofisi ya Westlands, Nairobi, nachagua flashi bila kusita: fungua zipu ya draiva kwanza, weka faili zake za .inf, .sys na .cat kwenye flashi, kisha elekeza programu ya usakinishaji huko.

Kupachika draiva ndani ya faili la usakinishaji kwa DISM, zana ya Windows ya kuhariri faili hizo, kunachosha. Lazima ziingie boot.wim (inayowasha programu ya usakinishaji) na install.wim (Windows yenyewe) pia; ukisahau ya pili, seva inaweza kugoma kuwaka baadaye. Ila kwa seva kumi za aina moja kule Industrial Area, kazi hiyo ya asubuhi moja inakuepusha kuchomeka flashi mara kumi.