Flash ya muvi za zamani, buku nne: dogo wa kibandani alinicheka lakini nyumbani hakulala mtu

Kibanda chenyewe hakina hata bango, kipo Magomeni, ukuta mzima makava yamefifia kwa jua na ndani amekaa dogo mmoja na laptop iliyong'oka herufi, sabufa inapiga singeli mpaka mnaongea kwa ishara. Bei ya kawaida tu, muvi moja mia tano, ukichukua kumi anakufanyia buku nne. Mi nikampa flash yangu ya giga 32 nikamwambia nijazie za zamani tupu. Akaniangalia kama nimeulizia mkanda wa deki. "Broo, za zamani zipi, za 2015?"

Nikaanza kumtajia sasa. Sholay ya Kihindi ya 1975, Enter the Dragon ya 1973, Police Story ya Jackie Chan, Commando ya Arnold, hizo mbili zote 1985, First Blood ya 1982 ambayo sie tunaiita Rambo wani. Dogo akacheka, akafungua folda imeandikwa WAZEE, aisee zote zimo, mpaka zingine nilishasahau kama zipo duniani. Nikamuuliza hizi zinatoka kweli? Akasema hizo ndo zinalipa kodi ya fremu, muvi mpya inamuuzia wiki mbili afu hamna anayeiulizia tena, ila folda ya WAZEE kila siku lazima waje wawili watatu. Kwahiyo kwenye mzigo sina neno, maksi zote.

Kwenye huduma hapo ndo tutagombana. Kwanza TV yangu ya zamani inasoma flash ya mfumo wa FAT32 tu, na flash ikiwa hivyo faili likizidi giga 4 haliingii, sasa picha la Kihindi la saa tatu na ushee likiwa na kwaliti nzuri linazidi hapo, dogo badala ya kuniambia akanipa kopi iliyominywa mpaka usiku ukifika kwenye picha unaona viboksi vyeusi tu. Pili Police Story imekata kabla ya mwisho. Tatu kuna moja ya maninja, sitaki hata kuitaja, sauti inakuja baada ya mdomo kufunga. Sasa muvi ya karate sauti ikichelewa mtu anapigwa kimyakimya afu mlio unakuja ameshaanguka, watoto walicheka hadi basi.

Ila usiku wa Sholay acha niwasimulie vizuri maana ndo ulionifanya niandike.

Tulikuwa sebuleni mi, shangazi, wife na watoto watatu, wawili wa kwangu na mmoja wa jirani ambaye siku zote yuko kwetu. Haijatafsiriwa, maandishi chini hamna, Kihindi tupu. Kile kikubwa cha miaka 11 kilikuwa kwenye simu kama kawaida yake. Picha linaanza, dakika chache tu farasi wanakimbizana na treni, majambazi wanaruka juu ya mabehewa, yule polisi Thakur na wale wezi wawili wanapambana pamoja, nikaona simu imewekwa juu ya kochi, kioo chini. Haikuguswa tena mpaka umeme ulipokatika saa moja baadae, na hata hapo walikataa kwenda kulala, tumekaa gizani tunasubiria urudi.

Kuna sehemu moja nataka muielewe kama hamjaiona. Siku ya kurushiana rangi kijijini, Gabbar, mkuu wa majambazi, anavamia, wale wezi wawili wamebanwa, bunduki imeanguka pale pale miguuni kwa Thakur, mzee amejifunika shali lake, amesimama tu anaiangalia. Haiokoti. Watoto wangu wakaja juu, "mzee mwoga huyu! si aokote!" mwingine anamwita mnafiki. Shangazi kimya, anaijua hiyo, anatabasamu tu. Afu inakuja ile hadithi ya nyuma, familia ya mzee inauawa uwani kwao, bembea inabaki inalia kwi kwi haina mtu, na mwisho shali linaanguka. Mzee hana mikono. Sebule nzima ikanyamaza. Yule aliyesema mwoga akaja kukaa karibu na mimi bila kusema kitu.

Hapo hamna aliyeelewa neno hata moja la Kihindi, naomba mlishike hilo. Picha limesubiri zaidi ya saa nzima kukupa jibu la swali ambalo hukujua kama unaulizwa, shali lilikuwepo mwilini tangu mwanzo na tulikuwa tunaliona wote! Mimi nafikiri siri ya zile muvi iko hapo, zilitengenezwa zieleweke na ukumbi uliojaa watu wanaopiga kelele, wanakula karanga, lugha haiwahusu, na aliyekaa nyuma kabisa asikose kitu. Kwahiyo kila kitu kikawekwa kwenye sura, kwenye mwendo, kwenye ukimya, kwenye saundi. Gabbar anavotembea juu ya miamba na mkanda wake unaburuzwa, buti linagonga, unashamjua ni mtu wa aina gani kabla hajafungua mdomo. Ndo maana ilifika Dar, ikakaa, mpaka leo ipo kwenye flash. Kule Mumbai jumba la Minerva waliionyesha zaidi ya miaka mitano mfululizo, na mnajua wiki za mwanzo ilisuasua? Walioiona ndo wakaenda kuambiana mtaani.

Shangazi yeye ni wa enzi za majumba ya sinema ya Avalon na Empress mjini na ile Drive-In ya Msasani. Ule wimbo wa pikipiki yenye kibehewa pembeni aliuimba wote, maneno ya kwake mwenyewe, si Kihindi si Kiswahili, ila tyuni sahihi. Na Jai, mmoja wa wale wezi wawili, alipokufa akasema enzi zao watu walitoka wamenuna, wanaulizana inakuwaje, kwa sababu sote tumekua tunajua steringi hafi. Binti yangu mdogo alilia. Amitabh, aliyeigiza Jai, ana deni na nyumba yangu.

Sasa hizi mpya. Sisemi zote mbovu, RRR ya 2022 inatoka India pia na ina mzuka uleule, wanangu walisimama juu ya kochi. Lakini nyingi unaona kabisa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelala peke yake na earphone, anapozi, anajibu meseji, anarudi. Kila kitu kinaelezwa kwa mdomo ili hata usipoangalia usipotee. Ngumi zenyewe kamera inakata kata huoni imetua wapi. Linganisha na mwisho wa Police Story (niliimalizia kwa rafiki, si ile kopi yangu), Jackie anarukia nguzo ndefu katikati ya jengo la maduka, anateleza nayo chini taa zinapasuka mpaka anadondokea kwenye vioo, ni yeye mwenyewe, mikono iliungua kweli, na wanakurudishia mara tatu uone. Mtoto akaniuliza "baba hiyo ni kompyuta?" Nikamwambia hapana. Akarudisha mwenyewe mara ya nne.

Ila tusidanganyane, folda ya WAZEE ina takataka pia, tunazikumbuka nzuri tu. Na kuna zilizochacha. The Gods Must Be Crazy utoto wangu nilicheka hadi machozi, safari hii nimecheka nusu, ile chupa bado inachekesha na lile gari lisilo na breki ndo usiseme, lakini sauti ya msimulizi inawaongelea watu wa Kalahari kama watoto wadogo, afu unakumbuka imetengenezwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, koo linakauka kidogo. Wife aliondoka kati.

Commando chukueni ya kutafsiriwa, nasema kweli. Ya kawaida ni mtu mwenye misuli anaua watu kisiwa kizima, basi. Akikaa juu yake msimuliaji wa mtindo wa enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, kila adui ana jina la mtaani na kila bomu lina maneno yake, inakuwa muvi nyingine kabisa na bora zaidi. Sholay msithubutu, itafsiriwe ya nini.

Jumla kibanda nakipa 7 kwa 10. Ukienda beba flash yako, muulize kabla kama TV yako itasoma, na mwambie akufungulie mwisho wa kila muvi uone kama imefika, msimwogope. Mimi nilirudi na malalamiko akanirekebishia Police Story bure bila kununa, nikaona ni mstaarabu. Nilimuulizia pia ile Sholay iliyosafishwa upya, iliyoonyeshwa 2025 kwenye miaka 50, yenye mwisho wa asili ambao serikali ya India iliukataa wakati ule, Thakur anamaliza mwenyewe kazi badala ya polisi kuja kumkamata Gabbar. Hana. Akaandika jina nyuma ya kava la CD, akasema ikiingia ananipigia, na shangazi kila siku jioni ananiuliza kama simu imepigwa.