Kinga ya friji: hesabu dakika kabla hujalipa

Mwezi Machi umeme wa mtaani kwetu ulikatika, ukarudi baada ya sekunde chache, ukakatika tena, na uliporudi mara ya tatu friji yangu ilinguruma, ikalia "tak", kisha ikanyamaza. Fundi aliifungua akaniambia kuwa kompresa imeungua, ilhali kinga niliyouziwa Kariakoo, kifaa cha kukata umeme unapoyumba, ilikuwa palepale ukutani, taa yake ya kijani ikiwaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilikuwa nimekagua ampea na waranti, lakini sikuuliza kinga hiyo husubiri muda gani kabla ya kurudisha umeme. Friji inapozimika, gesi hubaki na mgandamizo mkubwa upande mmoja wa kompresa, nayo huhitaji dakika kama tatu kutulia. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota hushindwa kuzunguka, huvuta ampea nyingi kupita kiasi, na waya zake hupata joto hadi kuungua. Kinga isiyosubiri ni swichi yenye taa tu.

Nafasi ya kwanza naipa Sollatek AVS 13, wala sifichi upendeleo wangu. Hukata umeme ukizidi na ukipungua, kisha husubiri utulie kabla ya kuuruhusu upite. Ukizidi si jambo la kupuuza, kwani waya wa nyutro ukikatika nguzoni, nyumba iliyozoea volti 230 inaweza kupata karibu 400. Kwa kiyoyozi, chukua AVS 30.

Ya pili ni stabilaiza, mradi iwe na kitufe cha kuchelewesha umeme unaporudi. Inawafaa wanaoishi mbali na transfoma, ambako taa hufifia kila jioni, kwa sababu kinga ya kawaida ingekata kila mara na samaki wakaoza, ilhali stabilaiza huinua volti. Chagua yenye wati mara kadhaa ya zile za friji, maana kompresa huvuta umeme mwingi inapoanza kuzunguka.

UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, iachieni ruta na kompyuta. Ekstensheni za bei nafuu zinazojiita kinga zinatosha kuchajia simu.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji achomeke taa ya mezani kwenye kinga hiyo, kisha uhesabu. Nilipoomba hivyo safari hii, kijana wa duka la kwanza aliwasha, taa ikawaka papo hapo, naye akasema kwa fahari, "Unaona dada, haina longolongo." Duka la pili walikubali kusubiri, lakini walinitajia bei mbili, moja ya bila risiti na nyingine ya yenye risiti, ilhali waranti iliyoandikwa kwenye boksi inadai risiti hiyohiyo.