Masaji yao safi, ila jamaa wa kaunta alitaka mama aruke kemo

Jina la hii sehemu silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Iko hapa mjini Mbeya, wanasema wanatoa tiba saidizi kwa wagonjwa wa kansa wanaoendelea na hospitali, masaji, sindano za Kichina (zile nyembamba za kuchoma mwilini bila dawa), mazoezi ya kupumua, ushauri wa chakula. Nimeshaandika na kufuta mara kadhaa kwa sababu kila nikianza hasira inanipanda upya.

Mama yangu ana saratani ya titi. Alishafanyiwa upasuaji, wakatoa na tezi za kwapa la kushoto, akaanza kemo, zile dawa kali za kansa za dripu, mionzi bado, hiyo tutashuka nayo Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, zamu ikifika. Aliyewahi kuuguza mtu kwenye ile dripu nyekundu ananielewa. Mama ni wa Tukuyu, mtu wa jembe na mizigo, lakini akitoka pale hata harufu ya ndizi zikichemka jikoni hataki kuisikia. Dawa za kuzuia kutapika walimpa na zilifanya kazi, ila kile kichefuchefu cha chini chini kinachong'ang'ania siku tatu nne ndo kilikuwa kinammaliza, na usingizi hakuna. Mama mdogo ndo akasikia habari za hii sehemu, tukaenda.

Yule dada wa masaji Mungu amlinde. Alimpa mama shikamoo yake, akamkalisha, akamfunika blanketi maana baridi ya hapa ilikuwa imeshaanza, halafu kabla hajamgusa akaanza maswali. Mama, damu walipima lini mara ya mwisho, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikoje? Tezi walitoa mkono upi? Kuna mguu unaouma au umevimba? Aliposikia kushoto, mkono wa kushoto hakuugusa kabisa, akatueleza kwamba tezi zikishatolewa maji ya mwili hayapiti vizuri upande huo, ukikandakanda hovyo unaweza kuamsha uvimbe usioisha. Akashika miguu tu, kwa mafuta ya nazi, taratibu. Akamwonyesha na sehemu ya kubonyeza kichefuchefu kikija: unalaza vidole vitatu kwenye mkunjo wa kiganja kwa ndani, ukimalizia hapo katikati ya zile kano mbili unabonyeza kwa dole gumba na kuzungusha. Mama akawa anafanya mwenyewe kitandani. Na tangawizi kidogo kwenye maji ya moto, baada ya kumuuliza kwanza kama anatumia dawa za kuyeyusha damu.

Mama akalala. Akaanza kunywa uji tena.

Na siyo maneno ya vijiweni haya. Marekani jopo la wataalamu lilikaa tangu 1997 likakubali kwamba sindano za Kichina zinasaidia kichefuchefu cha kemo, na mwongozo wa wagonjwa wa saratani ya titi uliopitishwa na chama cha madaktari wa kansa wa kule mwaka 2018 unataja mpaka masaji, yoga na kutafakari. Lakini ni kwa ajili ya dalili, siyo kuua kansa. Yule dada alilisema hilo mwenyewe bila kuulizwa, mama mimi kansa siitibu, mimi nakusaidia uifikie dripu ijayo ukiwa na nguvu. Ningeandika kipindi kile ningewasifia mpaka mngechoka kusoma.

Sasa njoo kaunta.

Juzi juzi hapa, mama wameshambadilishia dawa yuko kwenye paclitaxel, ncha za vidole zimeanza ganzi, tumemaliza masaji vizuri nikatoka nje kutafuta bajaji. Narudi namkuta kijana wa kaunta, kavaa koti jeupe wakati hakuna hata siku moja nimesikia anaitwa daktari, kamshika mama mkono anaongea naye kwa sauti ya chini. Pembeni kuna kopo la unga wa majani ya mstafeli, mama ameshalilipia. Anamwambia hivi: "Mama yangu, hizo kemo ni sumu, mwili wako umechoka, ruka raundi hii moja tu, tumia hii ya asili isafishe damu, utakuja kunishukuru." Na mama anaitikia kwa kichwa!

Yaani unachukua mtu anayeiogopa ile dripu kuliko kitu chochote, anayesali kimoyomoyo mtu amruhusu asiende, unampa hiyo ruhusa kwa kopo la unga.

Nilimuuliza kwa adabu kabisa, kaka, humo ndani kipimo ni kipi, na daktari wake mmewasiliana naye? Akanijibu mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi: "Dada, nyie mliosoma ndo mnawaua wazazi wenu kwa kemikali za wazungu."

Mimi? Niliyekuwa naamka usiku kumshikia mama beseni?

Kemikali za wazungu anasema. Hiyo paclitaxel aliyokuwa anaitukana ilipatikana kwenye magome ya mti, mti wa porini kabisa wa Marekani, na vincristine ambayo wanapewa hadi watoto wenye kansa ya damu inatoka kwenye yale maua madogo ya pinki ya Madagaska ambayo watu wamepanda mbele ya nyumba zao. Tofauti ni kwamba zile zimepimwa, kipimo kinajulikana, madhara yanajulikana. Majani ya mstafeli yameua seli za kansa kwenye vyombo vya maabara, kwa binadamu mwenye kansa hakuna aliyethibitisha. Na kule Guadeloupe madaktari waliandika tangu 1999 kuhusu watu waliokuwa wakila sana stafeli na kunywa majani yake, wakaonekana na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson. Mama yangu vidole vina ganzi tayari, unamwongezea hiyo?

Na kuruka raundi siyo mchezo. Zile wiki tatu zimepangwa ili chembe nyeupe zishuke na kupanda tena huku kansa haipati nafasi ya kupumua. Nilimwambia mama ni kama kupalilia nusu ya shamba ukaenda zako msibani, akanielewa hapo hapo. Kuna utafiti wa Marekani wa 2018, waliochagua tiba mbadala peke yake wakaacha ya hospitali hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya waliotibiwa hospitali, wa titi zaidi ya mara tano. Na sisi Watanzania tulishaona foleni ya Samunge kwa Babu wa Loliondo 2011, watu wanatolewa wodini wakanywe kikombe cha dawa yake.

Ila niseme na hili maana linaniuma vilevile. Hospitali hakuna aliyewahi kumuuliza mama anakunywa nini nyumbani. Siku alipojaribu kutaja tangawizi, nesi akamkatisha, mama mambo ya kienyeji msituletee huku, basi tangu hapo mama akawa anaficha. Yule wa kaunta kawazidi kitu kimoja tu, muda. Alimshika mkono akamsikiliza. Lile kopo nililikuta chini ya vitenge, daktari mwenyewe nilipompelekea aliligeuza geuza, hakuna kilichoandikwa zaidi ya bei, akakaa na mama karibu nusu saa wakaongea, na dripu mama alipata siku yake ileile. Wangekuwa wanakaa hivyo na kila mgonjwa tangu mwanzo, huyu kijana angemuuzia nani?

Mama bado anamtaka dada yake wa masaji. Nilishasema nitampeleka ila nisimwache peke yake hata dakika moja, halafu nikafikiria, hela yangu pale inaishia mkononi mwa nani? Kwa hiyo hapana. Dada tumemwomba aje nyumbani Uyole, mwenye sehemu akimruhusu tutashukuru.

Na wewe mwenye sehemu, mtoe huyo kijana kaunta. Au simama naye mbele ya wale wa kwenye benchi, awaambie kwa mdomo wake kwamba kemo haiachwi wala hairukwi bila daktari wako, na hela ya kopo la mama airudishe. Mpaka hapo sisi hatuji.